Siku Moja Barabarani Mexico

Dereva wa gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, hana budi kuamka alfajiri awapo nchini Mexico. Natuishike njia ya kutoka Durango, mji wa bara, kuelekea Mazatlán, bandari ya Bahari ya Pasifiki. Kwanza mtungi wa gesi hufungwa, na vyombo hutiwa kabatini. Sahani iliyosahauliwa mezani haifiki kona ya tatu.

Njia ni mbili. Ile ya zamani ni ya bure, lakini hujipinda milimani saa sita nzima, na sehemu yake moja huitwa Uti wa Mgongo wa Ibilisi. Gari-nyumba likutanapo hapo na lori, mama hufumba macho. Njia mpya, iliyofunguliwa mwaka 2013, hutozwa ushuru kwa hesabu ya ekseli, nao si haba. Hiyo hupenya mahandaki zaidi ya 60, tena huvuka daraja la Baluarte, lenye urefu wa mita 1,124, huku bonde likiwa mita 400 hivi chini yake. Kwa maoni yangu, mwenye watoto na alipe.

Askari wakisimamisha gari kulikagua, dereva huvua miwani ya jua na kujibu kwa adabu. Likiharibika, hupiga simu 078 kuwaita Malaika wa Kijani, mafundi wa serikali waliopo tangu 1960. Kazi yao ni bure, vipuri hulipiwa. Jua lisitue gari likiwa njiani, maana usiku ng'ombe huzurura barabarani.