Njia Mbili za Moshi: Utangulizi

Taaluma tunayoingia inahusu jambo linaloonekana dogo: kuupokea moshi wa injini ya V8 kwa mabomba mawili, kuupitisha chini ya pikapu ya zamani na kuutoa nyuma. Anayeitazama kwa mbali huidhani kazi ya kuchomelea tu. Kuchomelea huja mwisho. Kabla yake kuna hesabu ya mwendo wa gesi, ya sauti, ya joto na ya nafasi, na hoja ya kitabu hiki ni kwamba nafasi ndiyo inayozitawala nyingine zote.

Mfano wetu mkuu ni Chevrolet C10 ya miaka 1967 hadi 1972, pikapu ya Kimarekani ambayo wapenzi wa magari ya zamani wangali wanaifufua. V8 yake ina safu mbili za silinda, nne kila upande. Moshi huzaliwa umekwisha kugawanyika. Ukiuacha uende kwa mabomba mawili yenye upana wa lile moja la awali, kila bomba litabeba nusu ya gesi. Kwa kuwa ukinzani huongezeka takriban kwa mraba wa kasi, hapo hushuka hadi karibu robo. Hata hivyo, tamaa ya upana isikuvute. Mabomba mawili ya inchi 2.25 yana uwazi unaozidi wa bomba moja la inchi 3, na kwa injini ya lita 5.7 isiyoongezewa nguvu yanatosha.

Sauti ina mantiki yake. Silinda za injini hii huwaka kwa mfuatano wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na namba witiri zote ziko kushoto, upande wa dereva. Tazama 5 na 7: ni za upande mmoja, nazo huwaka zikifuatana. Kulia, 8 na 4 hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kila bomba hupokea mapigo mawili yaliyobanana, na mahali pengine katika mzunguko hupata pengo refu. Ndiyo asili ya ule mngurumo wa kukatakata. Kipande cha kuyaunganisha mabomba, chenye umbo la H au X, huwezesha pigo la upande mmoja kupumulia upande wa pili, na mngurumo hulainika. Mahali pake pa kawaida ni karibu na gia boksi, ambako chuma cha kukingama kinachoibeba kimeshaziba njia. Fizikia imependekeza, chasisi imekataa.

Bomba la pili ni mgeni aliyefika karamuni viti vyote vimekaliwa. Kulia mwa injini kuna stata, isiyopenda kupikwa. Kushoto kuna boksi la usukani na, kwenye gari la gia za mkono, vyuma vya klachi. Nyuma ya kebini, C10 nyingi zina springi za koili na mikono miwili mirefu inayoishika ekseli, nayo huukata uwanja kimshazari. Heri moja ipo: tangi la mafuta limo ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Pikapu zilizofuata mwaka 1973 zililihamishia kwenye chasisi, na njia ikabanwa zaidi.

Tena nafasi hiyo haitulii. Bomba lililopita vizuri juu ya ekseli gari likiwa tupu huweza kugongwa likipakiwa mzigo. Chuma chenyewe hurefuka: bomba la mita 3 likipata joto la nyuzi 300 zaidi huongezeka kama sentimita moja. Ndiyo maana huning'inizwa kwa raba, wala halifungwi kwa ukakamavu kila mahali.

Kuna gharama pia. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Moshi uliogawanywa hupoa upesi, na katika safari fupi maji hayo hubaki ndani ya sailensa na kuila kwa kutu. Mwenye gari la kutembezwa mwisho wa wiki ana sababu ya kuchagua chuma kisichoshika kutu.

Sheria moja haina mjadala: mabomba yote mawili yaishie mbali nyuma ya kebini. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na sakafu ya gari la zamani mara nyingi ina matundu.

Sura zinazofuata zitachukua gesi, sauti, joto na madini kwa zamu. Usizisubiri ili uanze. Egesha pikapu mahali tambarare, iinue na kuikalisha kwenye stendi imara, ekseli ikibeba uzito wake, kisha ingia chini na kipimo na chaki. Weka alama kila kinachosogea na kila kisichopaswa kupata joto. Nafasi itakayobaki bila alama ndiyo utakayoanza nayo kuchora.