Kabla hujapunguza bei, geuza kitambaa nyuma

Leo tuongelee vile vitambaa vya kudarizi vya kwenye makochi, redio na foronya za wageni, vyenye maua na "Karibu Mgeni". Watu wanavidharau kinoma. Mtu akitajiwa bei anaguna, eti vya dukani ni nusu yake!

Jibu liko nyuma ya kitambaa. Kigeuze. Cha mashine mara nyingi nyuma kina uzi mwingine kabisa, mweupe, umejaa sawasawa kila mahali. Cha mkono rangi ya mbele ndiyo ya nyuma, na utaona uzi umeruka toka ua hili kwenda lile, ncha yake imefichwa chini ya mishono.

Sasa kazi yenyewe. Unachora ua kwa penseli au karatasi ya kaboni, unabana kitambaa kwenye fremu ya duara mpaka kikaze kama ngoma. Uzi wa kudarizi kwa kawaida una nyuzi sita ndani yake. Unazitenganisha, unatumia mbili au tatu, maana ukiweka zote ua linavimba kama andazi. Mashina unapiga mshono wa mnyororo, majani unajaza mshono kwa mshono. Ua moja la kujaza linaweza kula jioni nzima, na seti ya makochi ina vitambaa vingapi? Piga hesabu mwenyewe.

Huku Uluguru shule za misheni zilifundisha wasichana kushona (Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro 1882), baadaye likaja somo la sayansi kimu.

Cheki Marekani sasa. Waamish wa Pennsylvania, wale Wakristo wanaotembelea mikokoteni ya farasi, wanasifika kwa mablanketi ya viraka ya kushona kwa mkono. Moja linafika mamia ya dola. Lakini mengi yanayouzwa kwa jina lao kule Lancaster yameshonwa na akina mama Wahmong, wakimbizi wa Laos walioanza kuhamia Marekani baada ya vita kuisha 1975. Mtalii analipia jina la Waamish, Mhmong hajulikani.

Cha Mgeta hakina hata jina, kinaitwa "kitambaa" tu. Akina dada, darizini jina lenu na la kijiji pale pembeni, uzi wenyewe ni kidogo tu. Na wewe mnunuzi, lowesha kona, bana na kitambaa cheupe, uone kama rangi inachuja.

Kwenu nani bado anadarizi, na anauza bei gani? Dondosha maoni hapo chini.