Je, Wajua? Stendi Ndiyo Inayoikamata Nyota

Je, wajua kwamba galaksi ya Andromeda, iliyopigwa picha kwa zaidi ya karne moja, ilikuwa na jirani ambaye hakuna aliyemwona? Taarifa ya kisayansi iliyotoka Januari 2023 ilieleza tao kubwa la gesi ya oksijeni inayong'aa, linaloonekana angani kando yake. Waliolifichua walikuwa wapiga picha wa ridhaa: Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner. Lenzi ya darubini ya Sainty ilikuwa na upana wa milimita 106 tu. Walichokuwa nacho kwa wingi ni muda: zaidi ya saa 100 za kukusanya mwanga, usiku baada ya usiku, sehemu yake kupitia kichujio kinachopitisha rangi ya oksijeni hiyo.

Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila stendi nzuri. Waulize wazoefu fedha nyingi ziende wapi, wengi watakutajia stendi kabla ya darubini na kamera, nami nakubaliana nao kabisa. Dunia inazunguka, na anga huonekana kuhama digrii 15 kila saa. Kwa darubini yenye fokasi ya milimita 500 na kamera ya pikseli ndogo za kisasa, nyota iliyo juu ya ikweta huvuka pikseli moja kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Acha kamera wazi dakika tano bila kuifuata, utapata michirizi mitupu.

Dawa yake ni kuelekeza mhimili wa stendi sambamba na mhimili wa dunia, kisha mota iuzungushe mara moja kila saa 23 na dakika 56. Mwinuko wa mhimili huo ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. London ni digrii 51 na ushei. Nairobi ni digrii moja na kidogo, kwa hiyo mhimili unakaribia kulala kabisa. Hapo kuna kazi! Baadhi ya stendi hazishuki chini ya digrii 10, na zikishushwa kwa nguvu ya ufundi, uzani wa kusawazisha unaweza kugonga mguu wa stendi. Isitoshe, Nyota ya Kaskazini, inayowaongoza watu wa Ulaya kulenga mhimili, Nairobi haichomozi juu ya upeo. Badala yake, programu ya kompyuta hupiga picha za nyota nyingine na kukokotoa mhimili umepotoka kiasi gani.

Na gia nazo hazikosi kasoro. Ndiyo maana kamera ndogo ya pili hukodolea nyota moja na kuirekebisha mota kila baada ya sekunde chache.

Kamera ya kawaida, kwa upande wake, ina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni, rangi ileile inayopamba mawingu ya gesi angani. Wapiga picha wengi wa anga hukitoa. Mwaka 2005 Canon ilitoa kamera aina ya 20Da iliyotengenezwa kwa ajili ya anga.

Haya yote yana mizizi mirefu. Januari 1883, Andrew Ainslie Common, mhandisi wa Kiingereza aliyefanya astronomia kwa mapenzi tu, aliliacha bamba lake la picha wazi dakika 37 likitazama wingu la Orion kutoka Ealing. Bamba lilionyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona hata kupitia darubini ileile.