Karatasi za Mwanamke Mpelelezi (Sehemu ya Tatu): Wambui na Jalada la Adui

Wiki iliyopita tulimwacha Elizabeth Van Lew, mpelelezi wa jeshi la Lincoln ndani ya Richmond, akiiomba serikali ya Marekani mwaka 1866 imrudishie taarifa alizoipelekea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akarudishiwa, akaziharibu. Bado alikuwa akiishi na majirani wale wale aliowapeleleza. Leo tuko Kenya, kwa mwanamke aliyefanya kinyume.

Virginia Edith Wambui alizaliwa Kiambu mwaka 1936, kitukuu cha Waiyaki wa Hinga aliyefia mikononi mwa Waingereza mwaka 1892. Baba yake alikuwa inspekta wa polisi. Binti huyo akala kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni dhidi ya mkoloni, akiwa bado msichana, kisha akaingia Nairobi kukusanya habari: askari wako wapi, bunduki ziko wapi, nani anaweza kuzitoa. Yaya na watumishi wa nyumba za Wazungu walisikia mengi mezani, na yeye alijua kuwauliza.

Wapo wasiokubali kuviita vita vya Mau Mau vita vya wenyewe kwa wenyewe, maana adui alikuwa mkoloni. Ni kweli. Lakini usiku wa 26 Machi 1953, pale Lari, Wakikuyu walichomewa nyumba na Wakikuyu wenzao, na kisasi kilichofuata kikaua wengine wengi. Katika vita vya namna hiyo mpelelezi humchunguza binamu yake, na mzee wa kanisa lake pia.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mei 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali za uhuru zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua watoa habari wake. Nyingi zikachomwa moto. Majalada ya Kenya yapatayo 1,500 yakasafirishwa na kufichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau walioidai Uingereza fidia ya mateso ilipoyatoa hadharani mwaka 2011. Miaka miwili baadaye Uingereza ikakubali kuwalipa watu 5,228 pauni milioni 19.9.

Hapo ndipo ninapoumia. Mpelelezi wa serikali alilindwa kwa kiberiti. Mpelelezi wa msituni alibaki ndani ya jalada kama mtuhumiwa, kwa maneno ya aliyemhoji. Wambui alilijibu jalada hilo kwa kitabu, mwaka 1998, akisaidiwa na mwanahistoria Cora Ann Presley. Humo alisema jambo ambalo mhoji hawezi kuliandika juu ya nafsi yake: kwamba akiwa kizuizini Lamu, afisa wa Kiingereza alimbaka.

Tukisome kitabu hicho kwa makini. Kiliandikwa miaka mingi baada ya vita, na mwandishi alikwisha kujulikana Kenya nzima kwa kesi ya mwaka 1987 ya kugombea mahali pa kumzika mumewe, wakili S. M. Otieno, kesi aliyoshindwa. Sauti ya mtu anayejitetea inasikika kila ukurasa. Mimi naipokea hivyo hivyo, kwa sababu upande wa pili ulipata nusu karne ya kuficha ushahidi wake.

Sisi wa Kasulu na Kibondo jambo hili linatuhusu. Tangu Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa, wanawake wa Burundi wamevuka mpaka hadi kambi za Mtabila, Nduta na Nyarugusu. Waliyoyaona njiani, ujumbe waliobeba, nani walimficha na nani walimtaja, yaliandikwa na maofisa wa mahojiano, mara nyingi kwa lugha ambayo msemaji hakuweza kuisoma. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, wengi walirudi kwao bila nakala. Lakini Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mama wa Kasulu aliyeuziana mihogo na mkimbizi sokoni alizisikia habari hizo bila mkalimani, na wengi wa akina mama hao wangali hai. Hao tuanze kuwauliza, kwa ridhaa yao, na majina yafichwe wakitaka.

Wiki ijayo: majalada ya Tanganyika yaliyokutwa Hanslope Park.