Kisimbuzi, Kitambuzi na Mshipa wa Data: Uundaji wa Istilahi za Elektroniki katika Reli za Mfano

Ikisiri

Makala haya yanajadili istilahi za elektroniki na kompyuta zinazohitajika katika kuelezea reli za mfano kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba istilahi haipimwi ikiwa peke yake, bali hupimwa kwa kuangalia iwapo inatofautika waziwazi na istilahi za vifaa jirani katika mfumo uleule.

1.0 Utangulizi

Reli za mfano ni njia, treni na stesheni zilizoundwa kwa vipimo vilivyopunguzwa. Kipimo kilichoenea zaidi, HO, ni 1:87. Kwa miongo mingi, kasi ya kichwa cha treni iliongozwa kwa kupandisha au kushusha volti kwenye reli. Kwa hiyo, vichwa viwili vilivyokuwa katika kipande kimoja cha njia havikuweza kuongozwa kila kimoja kivyake. Katika miaka ya 1990, chama cha NMRA cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1935, kilipitisha viwango vya mfumo wa DCC, ambao chimbuko lake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Kutokana na mfumo huo, msamiati wa reli na ule wa kompyuta hukutana katika saketi moja. Makutano hayo ni kipimo kizuri cha mbinu zetu za kuunda istilahi.

2.0 Utendaji wa Mfumo

Katika DCC, reli zilezile mbili hubeba nguvu ya umeme na ujumbe pia. Kitoa amri hugeuza uelekeo wa volti mara maelfu kwa sekunde, na muda wa kila nusu ya mgeuko ndio unaotofautisha biti: mikrosekunde 58 kwa biti ya 1, na 100 au zaidi kwa biti ya 0. Biti hizo huunda pakiti yenye anwani, amri na baiti ya kuhakiki makosa. Kila kichwa hupokea pakiti zote, lakini hutii zile tu zenye anwani yake. Neno “anwani” halina tatizo hapa. Limekwisha kupanuka kutoka barua hadi baruapepe, na wazo la kumfikia mlengwa mmoja kati ya wengi limebaki lilelile.

3.0 Kisimbuzi, King'amuzi na Kitambuzi

Kifaa kilichomo ndani ya kichwa, kinachofasiri pakiti na kuendesha mota, kina majina mawili yanayoweza kukifaa. Nchini Tanzania, “king'amuzi” na “kisimbuzi” yote hutumika kwa kifaa cha kupokelea matangazo ya televisheni ya dijitali. Kimofolojia, maneno haya yanafanana: yameundwa kutokana na vitenzi “ng'amua” na “simbua”, kwa kiambishi awali ki- na umbo la -zi tunaloliona pia katika “mwamuzi” na “mkombozi”.

Tofauti yao imo katika mtandao wa maneno yanayoyazunguka. “Simbua” ni kinyume cha “simba”, kama “fungua” ilivyo kwa “funga”, na ina uhusiano na “msimbo”. Kitendo cha kuweka ujumbe katika msimbo na kile cha kuutoa humo hupata majina yanayoelezana. “Ng'amua” haina jozi ya namna hiyo, na maana yake iko karibu mno na “tambua”.

Ukaribu huo una madhara. Mfumo huohuo una kifaa kingine, kinachopima mkondo wa umeme ili kujua kama kipande fulani cha njia kina treni. Hicho kinastahili kuitwa “kitambuzi”. Fundi mwanagenzi anayeambiwa aunganishe king'amuzi na kitambuzi atalazimika kubahatisha. Akiambiwa kisimbuzi na kitambuzi, jina lenyewe litamwonyesha kazi ya kila kimoja.

4.0 “Basi” na “Njia”

Nyaya zinazopitisha data kwa vifaa vingi kwa pamoja huitwa kwa Kiingereza kwa neno lililotokana na Kilatini, lenye maana ya “kwa wote”. Neno hilohilo lilitupatia “basi”, lakini katika Kiswahili lilibaki na maana ya gari tu. “Basi la data” lingemfikirisha msomaji juu ya abiria. “Njia ya data” ingefaa katika vitabu vya kompyuta, ila katika reli “njia” ni ile inayopitiwa na treni. Makala haya yanapendekeza “mshipa wa data”, kwa kuwa mshipa husambaza kitu kwa viungo vingi. Kwa sababu hiyohiyo tumesema “kitoa amri” badala ya “kituo cha amri”, kwani kituo ni mahali treni inaposimama.

5.0 Hitimisho

Istilahi iliyo sahihi katika uwanja mmoja yaweza kuwa kikwazo katika uwanja jirani. Kwa hiyo, kamati za istilahi zisiishie kwenye orodha ya maneno yaliyopangwa kialfabeti. Zichukue mchoro wa mfumo mzima, ziandike majina yaliyopendekezwa juu ya kila kifaa, kisha zimpe fundi ausome. Pale atakaposita ndipo pa kurekebisha.