Uvundo wa Kasha la Ala: Maji Yaliyojificha Nyuma ya Mahameli

Uvundo wa kasha la zamani la ala ya muziki ni harufu ya vitu hai. Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine kawa, huota kwenye kitambaa, gundi na mbao zilizokwisha kunywa maji, na kadiri inavyokula ndivyo inavyotoa gesi ambazo pua huzinasa upesi. Mojawapo ni alkoholi ile ile inayoupa uyoga harufu yake. Nyingine ni jeosmini, harufu ya udongo uliopigwa na mvua, ambayo hutengenezwa hasa na bakteria wa udongo na pia na baadhi ya kuvu. Wanasayansi waliipa jina hilo mwaka 1965 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya harufu ya ardhi. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni nanogramu 10 tu ndani ya lita nzima ya maji. Ndiyo maana kasha laweza kuonekana safi kabisa, na bado mtu akalifungua tu na kurudisha uso nyuma.

Harufu hiyo ina habari moja: kuna maji mahali. Si lazima kasha liwe limelowa chapachapa. Hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 70 hivi, ikikaa ndani kwa muda mrefu, inaitosha kuvu. Mbegu zake zimo katika kila hewa tunayovuta, na hakuna dawa iwezayo kuzimaliza. Anayeishambulia harufu bila kuyafuata maji ataianza kazi upya baada ya mvua ijayo.

Teritwari ya Punia, kaskazini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, ni mahali pagumu kwa kasha la aina yoyote. Iko kama digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, ndani ya msitu mkubwa, katika nchi ya mto Lowa unaoteremka kuelekea Lualaba. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na katikati ya mwaka hupungua tu, haikatiki. Watu wa mbali huijua Punia kwa kasiteriti, mawe ya bati. Waliokaa huko huijua pia kwa nguo zinazochukua siku mbili kukauka kwenye kamba.

Ala za asili za nchi ya msitu hazikuhitaji kasha. Likembe, ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba, hutundikwa ukutani au hubebwa mkononi. Lokole, gogo lililochimbwa tumbo ili litume habari kutoka kijiji hadi kijiji, hukaa chini ya paa la wazi ambako upepo unapita. Ngoma ya ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa. Vitu vingi vya nyumbani, kuanzia mbegu za mahindi, hutundikwa juu ya meko ambako moshi na joto hufukuza wadudu na unyevu pamoja. Kasha lenye kifuniko, bawaba na mahameli lilikuja na ala za Ulaya: tarumbeta za askari wa Force Publique, jeshi la wakoloni, vinanda na fidla za misheni, akordioni, na baadaye gitaa. Lilibuniwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako adui wa mbao ni hewa kavu ya nyumba zenye moto majira yote ya kipupwe. Msituni ulinzi huo huo hugeuka mtego.

Makasha hayo bado ni mengi, kwa kuwa fanfari, yaani bendi ya matarumbeta, ni sehemu ya ibada katika makanisa mengi ya Kongo. Kanisa la Kimbangu, lililochipuka katika mahubiri ya Simon Kimbangu mwaka 1921, lina fanfari yake mashuhuri, FANKI, na Jeshi la Wokovu liliingia nchini mwaka 1934 pamoja na desturi yake ya muziki wa matarumbeta. Okestra ya Kimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 chini ya Armand Diangienda, ilianza na ala chache zilizogawanywa kwa zamu, na waya wa breki ya baiskeli ulitumika badala ya uzi wa fidla. Katika nchi ambako uzi hupatikana kwa njia hiyo, hakuna anayetupa kasha kwa sababu linanuka. Husafishwa.

Kabla ya kulisafisha inafaa kujua limejengwaje. Kasha la zamani kwa kawaida ni plaiwudi au kadibodi ngumu, limevikwa ngozi bandia kwa nje, na ndani lina bitana ya mahameli iliyobandikwa kwa gundi ya mifupa na ngozi za wanyama. Gundi hiyo ni chakula kwa kuvu. Chini ya bitana kuna sponji, pamba au kadibodi iliyokunjwa kufuata umbo la ala, na huko ndiko maji hulala. Mkono unaopapasa mahameli waweza kuikuta kavu, wakati kadibodi ya chini yake ni mbichi kama muhogo uliotoka kulowekwa.

Maji huingia hata pasipo mvua kulinyeshea kasha. Hewa ya mchana yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70, ikifungiwa humo, huanza kutoa umande joto likishuka hadi nyuzi 22, na usiku wa Maniema huweza kushuka zaidi ya hapo. Mahameli na mbao huunywa umande huo, na usiku unaofuata huongeza wake. Ala za kupuliza huleta maji yao pia. Kile ambacho mpiga tromboni hukikung'uta sakafuni watu hukiita mate, lakini sehemu kubwa ni pumzi iliyogeuka maji baada ya kugusa shaba ya baridi: pumzi ya mtu hutoka na maji zaidi ya gramu 30 katika kila mita ya ujazo. Tarumbeta iliyofungiwa kasha dakika tano baada ya misa imefungiwa na maji yake.

Suala hili si la pua peke yake. Mwaka 2016 madaktari wa Manchester, Uingereza, walieleza katika jarida la Thorax habari za mzee wa miaka 61 aliyepiga zumari ya mfuko ya Kiskoti kila siku na kuugua mapafu kwa miaka mingi. Mwaka 2011 alikaa Australia miezi mitatu bila zumari yake, akapata nafuu kubwa. Aliporudi kuipiga ugonjwa ukarudi, na mwaka 2014 akafariki. Ndani ya zumari yake walikuta kuvu za aina mbalimbali. Miaka michache kabla ya hapo, madaktari wa Marekani walieleza juu ya mpiga tromboni ambaye kikohozi chake cha muda mrefu kilikwisha alipoanza kuisafisha ala yake ipasavyo. Visa vya namna hii ni vichache, na kasha si mdomo wa tarumbeta. Hata hivyo, mwenye pumu hafai kuwa ndiye anayepiga mswaki kasha lenye ukungu, na yeyote anayefanya kazi hiyo hujifunga kitambaa puani na mdomoni.

Kazi huanzia nje ya nyumba. Ala hutolewa na kuwekwa mbali, maana nayo ina usafishaji wake: mdomo wa tarumbeta huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, gitaa hufutwa kwa kitambaa kikavu. Vitu vidogo vya ndani, kama mikanda, vitambaa vya kufutia na karatasi za nota, hutolewa vyote. Mara nyingi chanzo cha uvundo hukutwa hapo, kwenye kitambaa kilichosahauliwa kikiwa kibichi. Kisha kasha huinamishwa na kupigwa brashi, kwanza pembe na mishono, vumbi likielekezwa upande upepo unakokwenda.

Baada ya hapo ni jua. Kati ya vifaa vyote vinavyosifiwa kwa kazi hii, hakuna kinacholifikia jua la asubuhi: hukausha, na miale yake huua kuvu iliyo juu ya kitambaa. Kasha huanikwa likiwa wazi kabisa, juu ya kiti au meza na si juu ya udongo, tangu umande wa majani ukauke hadi karibu saa tano. Jua la saa saba halifai. Kasha jeusi hupata joto linalolainisha gundi ya zamani, mahameli ikaanza kuvimba na kubanduka. Saa hizo hukaa kivulini, na jioni, hewa inapoanza kuwa nzito, huingizwa ndani. Msituni siku moja haitoshi; siku nne au tano za namna hiyo ni za kawaida, na wenye subira huungojea mwezi wa Juni.

Madoa ya ukungu yanayobaki hufutwa kwa kitambaa kilichogusishwa spiriti ya dawa ya asilimia 70, baada ya kujaribiwa kwenye pembe iliyofichika, kwa kuwa rangi za mahameli nyingine huchuja. Spiriti hushika moto, kwa hiyo mbabula na taa ya mafuta hukaa mbali. Isiguse ala hata kidogo, kwani vanishi za fidla na gitaa nyingi za zamani huyeyuka kwa spiriti. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, si badala yake: nguvu yake hubadilika kutoka chupa hadi chupa, nayo huacha harufu ambayo mpiga tarumbeta wa kanisa atatakiwa kuieleza. Siki hufaa kwenye ngozi bandia ya nje, lakini mvuke wake hula shaba, hivyo kasha hubaki wazi mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Harufu iliyobaki baada ya kasha kukauka hufyonzwa kwa makaa, au makala kama yanavyoitwa katika mji wa Kindu. Vipande visivyopata kuwashwa hupondwa, hufungwa katika kitambaa kizito ili visichafue, na kuwekwa ndani ya kasha lililofungwa kwa wiki moja au mbili. Havifikii makaa ya dawa yanayouzwa viwandani, lakini hupatikana kila soko. Bikaboneti ya kuokea mikate hufanya kazi ya jirani na hiyo. Ubaya wake ni unga unaobaki kwenye mishono, na chembe zake zikiingia kwenye vali za tarumbeta huweza kuzikwamisha. Mchele husifiwa kupita uwezo wake, tena huita panya.

Manukato, kahawa na karafuu hufunika harufu tu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kufukiza nguo kwa udi ni ustaarabu wa zamani na mzuri, lakini nguo hizo hufuliwa kwanza. Javeli, dawa ya kung'arisha nguo, ni kosa kubwa zaidi: huchubua mahameli, hula metali, huongeza maji pale ambapo maji ndiyo tatizo, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa katika masanduku ya nguo navyo viachwe. Mvuke wake huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo umeenea hasa katika nchi zenye malaria, Kongo ikiwamo. Mtoto mchanga katika chumba hicho ndiye aliye hatarini zaidi.

Kuna makasha yasiyosikia lolote kati ya hayo. Hapo bitana huvuliwa: kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto huwekwa juu yake, gundi ya wanyama hulainika, na mahameli hutoka. Sponji na kadibodi za ndani hutupwa. Mbao huanikwa mpaka ziwe hazinuki, hupigwa msasa na kupakwa vanishi ili zisinywe maji tena. Bitana mpya yaweza kuwa kipande cha kitenge kilichofuliwa mara mbili. Gundi ndiyo ya kuangaliwa: uji wa muhogo unaotumika kubandika karatasi ni karamu kwa kuvu, na katika miezi michache uvundo utakuwa umerudi. Gundi nyeupe ya maseremala haina tatizo hilo.

Kasha likishapona huinuliwa kutoka sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta wa udongo, wala halisukumwi chini ya kitanda. Vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya husaidia, vikikaushwa mara kwa mara kwenye joto. Kipimo cha unyevu nacho kimo jikoni. Chumvi safi huanza kuyeyuka yenyewe hewa inapopita unyevu wa asilimia 75, na ile ya mawe isiyosafishwa sana huwahi zaidi. Kijiko kimoja ndani ya kizibo cha chupa, kilichowekwa karibu na kasha na wala si ndani yake, humwambia mwenye ala kila asubuhi hali ilivyo.

Chumvi ikikutwa imelowa siku tatu mfululizo, gitaa lina usalama zaidi likining'inia kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na kasha lake likabaki wazi mpaka siku ya safari.