Somo la mwindaji mchanga lisipotee

Wapo wasomi wanaodhani kwamba elimu iliingia Bonde la Ufa pamoja na ubao na chaki. Waogiek wa msitu wa Mau, magharibi mwa Nakuru, wana ushahidi mwingine. Kwao mtoto wa kiume alifundishwa kwa kufuatana na wakubwa: kwenye mizinga ya nyuki, kwenye mitego ya perere, na hatimaye kwenye nyayo za nguruwe mkubwa wa msituni.

Nguruwe huyo si mnyama wa kufanyiwa mzaha. Dume aweza kupita kilo 200. Wataalamu wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka wa 1904 tu, wakampa jina la Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Kiingereza aliyepeleka mabaki yake kutoka Kenya. Wakazi wa misitu walikuwa wakimjua kabla ya hapo, ila hawakuwa na kitabu cha kumwandika.

Je, mtoto alijifunza nini huko? Kuua ni tendo la mara moja. Kumtafuta mnyama ndiyo kazi yenyewe. Sharti ajue upepo unatoka wapi, unyayo ni wa leo au wa juzi, udongo umefukuliwa na mnyama gani. Ngiri hula mchana, akipiga magoti nyasini. Nguruwe mwitu wa vichakani hutoka zaidi usiku. Hayo ni mambo ya kuchunguza, kulinganisha na kuamua. Kama hiyo si sayansi, basi ni nini?

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamhesabu kuwa mkosaji hata awindaye kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Sisemi marufuku hiyo iondolewe. Msitu umepungua, nao ndio chanzo cha mito ya Njoro, Makalia na Nderit inayoingia Ziwa Nakuru. Hata hivyo, haki haina budi kutendeka. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek, ikiwemo ya utamaduni, zilikiukwa, na kwamba wao hawawezi kulaumiwa kwa kuharibika kwa Mau. Mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Licha ya hayo, mwishoni mwa 2023 familia zilifukuzwa tena msituni. Mzee aliyeondolewa msituni atamfundishia mjukuu wake wapi?

Huko Arizona, Marekani, mtoto wa miaka 10 aweza kumwinda kihalali javelina, mnyama afananaye na nguruwe, lakini sharti kwanza ahitimu mafunzo ya uwindaji. Hata penye ruhusa ya kuwinda, somo hutangulia silaha. Kwetu silaha imeondolewa. Hiyo si sababu ya kuliondoa na somo.

Walimu wa Njoro, Molo na Nakuru, kazi hii ni yenu. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na mtaalamu wa nyayo huenda anaishi jirani na shule. Mwalikeni. Wapelekeni watoto penye tope baada ya mvua, wasome alama kama wasomavyo aya. Nanyi wanafunzi, andikeni majina ya wanyama na miti kama wazee wanavyoyatamka, kwani lugha ya Kiogiek ina wasemaji wachache.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezoea kutafuta unyayo hatakubali kwa urahisi msitu wenye unyayo huo ukatwe. Mlinzi wa namna hiyo hapatikani kwa mshahara; hulelewa, na wanaojua kumlea wanazidi kupungua kila mwaka.